Stuli ya Darasa la Sita

Barua ilifika nyumbani ndani ya soksi. Mfuko wa sketi ya mtoto ulikuwa umetoboka, na bibi yake, ambaye alishona sare za nusu ya shule ile, alikuwa akisema tangu Jumatatu kwamba ataushona kesho. Ndiyo hivyo, mganga hajigangi. Barua ikakunjwa mara nne, ikasokomezwa kwenye soksi ya mguu wa kushoto, ikatembea kutoka shuleni mpaka barazani huku ikinywa jasho, na ilipofunguliwa mstari wa mwisho ulikuwa umefifia. Mistari ya juu ilisomeka vizuri kuliko Bibi alivyotaka.

Aliisoma kama alivyosoma karatasi zote, kidole kikitangulia na midomo ikifuata. Mwanafunzi aliyetajwa amepata sifuri katika mtihani wa hesabu wa kufunga mwaka. Imeamuliwa arudie darasa la tatu. Mzazi au mlezi anaweza kufika ofisini kwa maelezo.

"Barua ya shule haina salamu," alisema fundi viatu, aliyekuwa na sehemu yake upande wa pili wa baraza, misumari midogo ikiwa imejaa mdomoni. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Mtoto kapata sifuri."

Fundi viatu akatema misumari kiganjani. "Chechele? Huyu aliyenihesabia misumari ya boksi zima kwa macho, mimi nikiwa bado natafuta miwani?"

"Huyo huyo."

"Basi shule hiyo imekosea boksi."

Jina la Chechele mtoto alipewa na mwalimu wake wa darasa, kwa sababu alikuwa akitazama nje ya dirisha somo likiendelea, kama mtu aliyechukuliwa na chechele, akili ikapotea njia. Wenzake walilidaka, wakalileta mtaani, na mwisho hata nyumbani likazoeleka. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, magoti yenye makovu, na wakati huo alikuwa ameketi chini ya meza ya kukatia, mahali pake pa siku zote, akipanga vipande vya kitambaa kwa mpangilio alioujua mwenyewe. Hakuwa akilia. Bibi angependa awe analia. Mtoto anayelia unajua pa kumshika.

Mwezi mmoja nyuma Bibi alikuwa ameona jambo ambalo hakumsimulia mtu. Alikuwa ametandaza kitambaa cha buluu mezani, amekikunja katikati, karatasi za vipimo zimepangwa juu yake kama alivyozipanga kwa miaka thelathini. Sketi tano. Mtoto akasimama pembeni, akitafuna ncha ya penseli, kisha akauliza kwa nini anakunja katikati. "Ndivyo kinavyokunjwa," Bibi alisema. "Ukikunja hapa, Bibi, theluthi moja, hii inalala upande huu, na huku kinabaki kipande kimoja kirefu cha mikanda." Akakikunja. Ikatoka sketi ya sita, na mifuko yake juu. Bibi alivuta stuli akakaa. Aliangalia kitambaa, akamwangalia mtoto, akahisi kitu kama njaa, ila kilikuwa juu ya tumbo, karibu na koo. Njaa ile aliijua. Alikuwa hajaisikia tangu siku alipoacha shule darasa la tano, baba yake alipomwambia, kwa upole kabisa, kwamba mtu akishajua kusoma barua inatosha.

Sasa alikuwa ameisoma barua. Haikutosha.

*

Mama yake Chechele alirudi jua likiwa bado halijazama, mikono ikinuka mvuke. Alikuwa akipiga pasi mashuka katika hoteli, na kila siku alirudi na alama mpya nyekundu juu ya kifundo cha mkono. Aliisoma barua akiwa amesimama, akairudisha mezani, akavua viatu.

"Wacha arudie, Mama," alisema. "Mwaka mmoja haumuui mtu."

"Arudie nini? Kitu anachokijua utamrudishiaje?"

"Kama anakijua, sifuri ameitoa wapi?"

Bibi aliokota uzi sakafuni, akauzungusha kidoleni.

"Kesho naenda ofisini," alisema.

"Usiende." Binti yake alikaa kwenye ukingo wa kitanda, sauti imechoka kuliko miguu. "Mwaka huu nimeitwa mara tatu. Mara anamsahihisha mwalimu. Mara anamaliza kazi kabla ya wenzake kisha anawachekesha. Mara ya mwisho nilisimamishwa mlangoni mwa darasa, watoto wote wananitazama, nikaambiwa mwanao ana kiburi. Nikasema samahani. Nikarudi kazini nikaunguza shuka la watu. Sisi si watu wa kubishana na walimu, Mama. Na sare unazoshona ni za shule yao. Mafundi mji huu wamejaa kama kunguni."

"Najua wamejaa."

"Basi mwache mtoto. Atakuwa kama wengine. Kuna ubaya gani kuwa kama wengine?"

Hakukuwa na ubaya. Hilo ndilo lililomuuma Bibi, kwamba maneno yale yalikuwa ya mapenzi, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuyasema, kwa namna nyingine, na si zamani.

Akainama chini ya meza. "Chechele. Niletee hiyo karatasi ya mtihani."

Mtoto akaitoa kwenye begi. Ilikuwa safi, haina hata alama ya kifutio. Maswali arobaini. Kuanzia la kwanza hadi la thelathini na sita palikuwa peupe, mistari ya majibu imekaa mitupu kama kamba isiyoanikwa nguo. Chini kabisa, maswali manne ya mwisho yalikuwa yamejibiwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Hakuna mtu aliyeyasahihisha. Juu ya karatasi, kwa wino mwekundu, sifuri ya mviringo mzuri.

"Tatu mara nne ni ngapi?" aliuliza Bibi.

"Kumi na mbili."

"Mbona hapa hukuandika?"

"Hilo wanalijua wote."

"Wote akina nani?"

"Darasa zima. Hata yule anayelala."

"Sasa wakilijua wote, wewe ndiyo hulijibu?"

Mtoto akamwangalia, macho makubwa, ya kushangaa kidogo, kama anayeulizwa na mtu aliyekuwepo. "Bibi, si wewe uliniambia? Ulisema niwaachie wenzangu. Ulisema nijibu lile tu lililowashinda wote. Nikaahidi." Akanyoosha kidole kwenye maswali ya mwisho. "Haya manne yaliwashinda wote. Niliwaangalia kwanza. Nikasubiri mpaka karibu na kengele, ndipo nikajibu."

Mama yake akaacha kujisugua miguu. Barazani nyundo ya fundi viatu ilinyamaza, maana ukuta ule ulikuwa wa mbao.

Ni kweli alisema. Mwanzoni mwa muhula mtoto alikuja nyumbani kifutio kimeibwa na nywele zimevutwa, wenzake wamemchoka kwa kunyoosha mkono kila swali. Bibi alimkalisha pale pale, akamchana, akamwambia maneno aliyoyaona ya busara: usiwe wa kwanza kila mara, waachie na wenzako, wewe jibu lile lililowashinda wote. Niahidi. Mtoto akaahidi. Kifutio hakikuibwa tena. Bibi akajisifu kimoyomoyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema watu, na huyu alikuwa amekua hivyo hivyo, mpaka mstari wa thelathini na sita.

"Sasa utaenda ofisini ukaseme nini?" aliuliza binti yake, taratibu.

"Nitasema mwenye sifuri ni mimi," alijibu Bibi.

*

Benchi nje ya ofisi lilikuwa limevunjika ubao mmoja, ukikaa vibaya linakubana. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la heshima, kola ina sindano mbili kama kawaida, na pochi ndogo mapajani ina karatasi ya mtihani iliyofungwa ndani ya leso. Mtoto alikwenda darasani. Kengele ililia mara mbili. Watu waliingia na kutoka, kila mmoja akisema "Ah, Fundi, umeleta sare?" na kila mmoja akapita kabla ya kujibiwa.

Mwalimu Mkuu alipomwona naye aliuliza hivyo hivyo. "Si tulisema vipimo mwezi ujao?"

"Leo sikuja na futi, Mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Yule wa darasa la tatu, wanamwita Chechele."

"Ah." Akaangalia saa ya ukutani, akafungua mlango. "Karibu basi, lakini saa nne nina wakaguzi." Alipokuwa akiketi kifungo cha koti lake kilining'inia kwa uzi mmoja, kikagonga ukingo wa meza. Akakitazama. Akamtazama Bibi. "Tena umekuja wakati mzuri. Hebu nishikizie hiki mara moja."

Bibi alipokea koti. Moyo ulimuuma kidogo, kama mgeni aliyekuja na nguo safi akapewa ufagio mlangoni. Alichomoa sindano kwenye kola, akachagua uzi mweusi kwenye pochi, akavaa kastabini yake ya kidole. Na alipolilaza koti magotini ndipo alipoona jambo: mtu huyu hawezi kwenda kwa wakaguzi na shati tupu. Maadamu koti liko hapa, na yeye yuko hapa.

Akakata uzi wa zamani wote, akaanza upya.

"Na hivi viwili vya chini navyo vinalegea, Mwalimu," alisema. "Nikiviacha vitakuaibisha mbele ya wageni."

"Haya, haya. Mtoto ana nini?"

"Mtoto hana kitu. Naomba aitwe mwalimu wake wa darasa, na kalamu nyekundu."

Mwalimu wa darasa alikuja na chaki mpaka kwenye nyusi. Alikuwa kijana bado, lakini mabega yalikuwa ya mtu mzima. Alimwamkia Bibi kwa heshima, kisha akabaki amesimama, maana viti vilikuwa viwili tu.

Bibi alitoa karatasi, akaitandaza mezani, akarudi kwenye sindano. "Haya manne ya mwisho hayakusahihishwa."

"Hayo hatukuyasahihisha kwa yeyote, Bibi," alisema mwalimu. "Mpiga chapa alichanganya. Hayo ni ya darasa la sita, yaliingia kwenye karatasi yetu kwa makosa. Tukaambiwa tuyaruke."

"Mtoto wangu hakuambiwa."

"Aliandika kubahatisha tu. Au ameangalizia."

"Kwa nani?"

"Kwa..." Mwalimu akajifuta chaki kwenye nyusi. Watoto wengine wote sehemu ile waliiacha wazi, au walichora maua.

"Yasahihishe tu, Mwalimu," alisema Bibi. "Kama amekosa, nitamaliza vifungo hivi niende zangu."

Mwalimu Mkuu akaangalia saa, akaangalia koti lake, akapumua. "Yasahihishe."

Mwalimu wa darasa aliinama juu ya karatasi. La kwanza alilifanya kwa kichwa, akatia vema. La pili alilifanya pembezoni mwa gazeti lililokuwa mezani, akatia vema. La tatu lilikuwa la mabomba mawili yanayojaza tangi, moja kwa saa tatu na jingine kwa saa sita, je yakifunguliwa pamoja? Alikokotoa, akafuta, akakokotoa tena. Mtoto alikuwa ameandika: saa mbili. Mwalimu akatia vema polepole, kama mtu anayeweka saini. La nne Mwalimu Mkuu alivuta karatasi akalifanya mwenyewe, maana zamani alifundisha hesabu. Akamaliza. Akachukua kalamu nyekundu mkononi mwa mwenzake, akatia vema ya nne.

Bibi akahamia kwenye kifungo cha chini.

"Basi ndiyo kiburi chenyewe," alisema mwalimu wa darasa, lakini sauti ilikuwa imelegea. "Anajua, halafu anaacha thelathini na sita wazi. Mimi nifanye nini? Bibi, nina watoto sabini na wawili mle ndani. Wale wasiojua ndio wanaonililia kila siku. Huyu anayejua namshukuru Mungu kwa ajili yake, namwacha."

"Sikulaumu, mwanangu. Na mimi nilimwacha. Lakini hata mche uliojiotea unataka maji." Bibi akavuta uzi, akauzungusha chini ya kifungo ili kisimame imara. "Anamaliza kazi yako robo saa kabla ya wenzake. Robo saa kila somo, kila siku. Anatazama dirisha kwa sababu ndicho kitu pekee mle ndani ambacho hajakimaliza. Ukimrudisha la tatu, dirisha nalo atalimaliza. Baada ya hapo sijui atatazama nini."

Mwalimu Mkuu alikuwa akigongagonga kalamu mezani. "Mlete," alimwambia mwalimu.

Chechele aliingia, akasimama katikati ya chumba, soksi moja juu moja chini. Alimwona bibi yake na koti la mwanamume magotini, akataka kucheka, akajizuia.

"Saba mara nane?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

Mtoto akapandisha soksi iliyoshuka.

"Saba mara nane, mtoto. Ni rahisi."

Akamwangalia Mwalimu Mkuu, akamwangalia mwalimu wake wa darasa, kisha akamwangalia Bibi. Midomo ilikuwa imefungwa kama mfuko uliovutwa kamba. Mwalimu wa darasa akainua mikono: mnaona?

Bibi alielewa kabla ya wote. Wote mle ndani walikuwa wakilijua jibu.

Alichoma sindano kwenye kitambaa, akaiacha hapo. "Walimu, mnisamehe. Huyu hana kiburi. Ni mimi niliyemwahidisha asijibu jambo ambalo wenzake wanalijua. Nilitaka apendwe. Nilimkataza mimi, kwa mdomo huu, na yeye ni mtoto wa kushika neno." Akamgeukia mtoto. "Chechele, njoo. Ile ahadi nimekurudishia. Sina tena neno kwako. Jibu la kwanza, jibu la mwisho, jibu yote."

Mtoto alisogea mpaka goti lake likagusa koti. Akauliza kwa sauti ya chini, ya nyumbani, "Wakinichukia tena?"

Bibi angeweza kumwambia hawatakuchukia. Ndilo jibu ambalo mtu humpa mtoto mbele ya wageni. Lakini mtoto huyu alihesabu maneno kama alivyohesabu misumari.

"Wengine watakuchukia," alisema. "Nikiwa la tano alikuja mgeni shuleni kwetu, anachagua watoto wa kwenda kusoma shule ya mbali, ya kulala huko huko. Aliuliza swali darasa zima. Nilikuwa nalo jibu mdomoni kama peremende. Nikawaachia wenzangu, nikasema mmoja akishindwa nitanyoosha mkono. Likayeyuka. Akanyoosha mwingine." Akalainisha koti kwa kiganja, mahali ambapo halikuwa na kunjo. "Mimi niliwaachia, mjukuu wangu. Niliwaachia yote. Mpaka leo sijui nilimfaidisha nani."

Nje watoto wadogo walikuwa wakiimba irabu.

"Hamsini na sita," alisema Chechele.

"Tisa mara sita," akasema Mwalimu Mkuu, upesi, kama anayeogopa mlango utafungwa.

"Hamsini na nne."

Mwalimu Mkuu akamsomea karatasi yote, kuanzia la kwanza. Mtoto alijibu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Walipofika la thelathini na sita Bibi alikuwa amemaliza kifungo cha mwisho, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikata uzi kwa meno, kama akiwa nyumbani.

"Na lile la mabomba," Mwalimu Mkuu aliuliza, mkono tayari kwenye mkono wa koti. "Nani alikufundisha njia?"

"Hakuna. Bomba la haraka ni sawa na mabomba mawili ya polepole. Kwa hiyo yapo matatu ya polepole. Moja linachukua saa sita, matatu yanachukua mbili."

Mwalimu wa darasa akarudia maneno yale chini ya pumzi, akihesabu kwa vidole. Kisha akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtu aliyekumbuka kwa nini alisomea kazi hii.

*

Hawakumpa yote. Bibi aliyaeleza nyumbani jioni ile kama yalivyo, bila kuongeza chumvi. Kurudia hatarudia, anakwenda la nne na wenzake. Kumrusha madarasa haiwezekani, taratibu haziruhusu. Lakini kuanzia wiki ijayo, bila kungoja mwaka mpya, Jumanne na Alhamisi, kipindi cha hesabu, atapanda kukaa na darasa la sita. Mwalimu Mkuu ameandika na kugonga muhuri. Ila la sita hakuna kiti. Wanakaa wanne kwenye dawati la watatu. Mtoto aende na kiti chake.

"Kiti gani?" aliuliza binti yake. Nyumba ile ilikuwa na vitanda viwili, meza ya kukatia, na stuli moja, ya cherehani.

Bibi alikuwa akiifuta stuli kwa kitambaa kibichi. Ilikuwa ya mti mgumu, miguu mitatu, na kikalio kilichobonyea katikati kwa miaka yote ile, kikang'aa kama sahani.

"Mama. Utashonaje?"

"Nitakaa hata juu ya ndoo."

"Mgongo wako."

"Mgongo wangu umekaa hapa miaka thelathini bila kufika popote. Wacha stuli angalau ifike."

Binti yake akageuza uso. Lakini Jumanne asubuhi, Chechele alipovaa sketi yake na kutia mkono mfukoni, mkono ulifika mwisho ukasimama. Mfuko ulikuwa umeshonwa, kwa uzi mweupe juu ya buluu, mishono mikubwa iliyokwenda upande, kazi ya mtu wa pasi. Mama yake alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Bibi aliiona mishono ile na vidole vikamwasha kuifumua, kisha akaiacha.

Mtoto aliondoka na stuli kichwani, miguu mitatu ikiangalia juu. Fundi viatu alimpungia nyundo. "Ukifika uwaambie umetumwa na kiwanda cha viti," alisema. Halafu akavuta kreti la mbao lililokuwa na soli chakavu, akalimwaga chini, akalisukuma kwa mguu mpaka kwenye cherehani. "Kalia hili, Bibi. Usije ukaanguka nikaambiwa nilikuwa shahidi."

Kreti lilikuwa fupi. Cherehani ilimfika Bibi kifuani, viwiko vikapanda juu kama vya panzi, na mshono wa kwanza ulitoka umepinda. Aliufumua. Wa pili ulikuwa nafuu. Mteja mmoja alicheka akauliza kama fundi amepungua kimo. Bibi naye akacheka. Alikuwa akisikiliza. Shule haikuwa mbali, na upepo ukiwa upande huu kengele husikika, na kila ilipolia aliondoa mguu kwenye pedeli. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ndiyo hesabu ya darasa la sita. Akaacha kushona kabisa. Alikaa na mikono juu ya kitambaa, akajaribu kuona chumba ambacho hakuwahi kuingia: ubao, dirisha liko upande gani, na mwalimu anaanzaje, anaanza na swali au anaanza na salamu. Alijua kitu kimoja tu kilichokuwemo mle, na alikijua kwa mwili, mbonyeo wake na mguu wake mmoja mfupi.

Fundi viatu alimtupia jicho, akaendelea kugonga polepole, kwa nyundo ndogo.

Chechele alirudi mchana, stuli kichwani na vumbi mpaka magotini.

"Walikuuliza?" Bibi alisema kabla hajaitua.

"Nilinyoosha mkono mara mbili. Mara moja nilikosa."

"Ulikosa?"

"Nilikosa kabisa." Uso wake ulikuwa unang'aa, na Bibi alitambua kwamba hajawahi kumwona hivyo akitoka shule. "Wakanicheka. Halafu msichana mmoja akaniambia nisogeze kiti karibu na dawati lao, akanionyesha. Bibi, wanajua vitu ambavyo mimi sivijui."

"Kama vipi?"

Mtoto aliangalia huku na huku. Mezani palikuwa na kitambaa cha buluu kilichotandazwa tayari kukatwa. Akachukua chaki ya fundi, akachora mstatili, kisha akavuta mstari kutoka pembe hadi pembe.

"Hicho," alisema Bibi, "ndicho ninachokata kila siku. Kipande kimoja natoa pande mbili za sketi. Zinalingana sawasawa."

"Unajua kwa nini zinalingana?"

Bibi alifungua mdomo. Mkasi ulijua. Mkono ulijua. Aliutazama mstari mweupe kwenye kitambaa cha watu, mstari ambao ungepaswa kufutwa, na ile njaa ya karibu na koo ikaja ikakaa.

"Sijui," alisema.

Aliinuka kwenye kreti, akaweka stuli mahali pake karibu na meza, akamkalisha mtoto juu yake. Yeye akabaki amesimama, mikono nyuma, kama wanafunzi wanavyosimama mbele ya ubao.

"Nieleze. Polepole. Mimi niliishia la tano, anza la sita."